Pantoni ya Kilombero: neno na chombo chake

Ukitoka Ifakara kwenda Lupiro, ambako njia hugawanyika, moja ya Mahenge na nyingine ya Malinyi, lazima uuvuke mto Kilombero. Siku hizi basi hupita juu ya maji kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa: daraja lina urefu wa mita 384, alilizindua Rais John Magufuli Mei 2018, nalo likapewa jina lake. Zamani safari yote ilitegemea jibu la swali moja: pantoni iko upande gani?

Neno lenyewe lilitoka mbali. Kilatini kina *pons*, yaani daraja, na *ponto*, chombo kipana cha kubebea mizigo. Julius Caesar, alipoandika habari za vita vyake na Pompeius, alivitaja vyombo hivyo kuwa ni aina ya merikebu za Wagalia. Wafaransa wakasema *ponton*, na kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa na *pontoon* yao. Hao waliipa kazi nyingi: maboya yanayobeba daraja la muda la jeshi, vyelezo vya ndege inayotua majini, hata mchezo wa karata, ingawa huo husemekana ni matamshi yaliyoharibika ya Kifaransa cha “ishirini na moja”. Katika Kiswahili neno hilo lina kazi moja tu, kuvusha.

Kwa kawaida pantoni huhesabiwa miongoni mwa maneno tuliyopewa na Kiingereza. Mimi nina shaka kidogo. Sauti ya mwisho ya *pontoon* ni “u” ndefu, na sauti hiyo ikiingia kwetu hubaki “u”: ndivyo tulivyopata skuli ya Unguja na buti la askari. Kwa kanuni hiyo tungesema “pantuni”. Wajerumani, waliotuachia shule na hela, nao wana *Ponton*, yenye “o” mahali pake, na walikuwa na boma lao Mahenge, ng'ambo ya mto huuhuu, miaka mingi kabla Mwingereza hajafika. Huo si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini sikio langu limeegemea huko. (Hiyo “a” ya mwanzo ni ya Waswahili wenyewe.)

Kwa nini bonde lililojaa mitumbwi lihitaji neno la kigeni? Wandamba wa bonde hili wamekuwa watu wa maji tangu enzi za mababu. Mtumbwi kwao ni chombo cha kuvulia samaki, njia ya kwenda shambani na gari la kubebea mpunga. Kiswahili nacho kilikuwa na “kivuko” kutokana na kuvuka, ila kivuko kilianza kuwa mahali kabla hakijawa chombo. Ndiyo maana tuna Kivukoni karibu na mto huu, na Kivukoni ya Dar es Salaam iliyokipa jina chuo kilichofunguliwa mwaka 1961. Mombasa nako, Likoni ni penye liko, pale vyombo vinapofikia. Watu walikuwa na majina ya mahali na ya mtumbwi. Lililokosekana ni jina la kitu kinachoweza kubeba lori. Pantoni ni neno lililoenea pamoja na magari.

Na mto huu ulikuwa na sababu ya kutaka chombo bapa. Kilombero hukusanya maji ya Ruhuji, Mnyera na Mpanga kabla ya kukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Kiangazi hupungua na kuacha mafungu ya mchanga. Masika hutoka kitandani mwake na kutapakaa kwenye ardhi oevu ya karibu kilomita za mraba 8,000, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Chombo chenye mkuku mrefu kingekwama. Pantoni, yenye tumbo bapa na lango linaloshushwa hadi ukingoni, hupita penye maji machache na kupakia gari bila gati.

Serikalini huandikwa “kivuko”, kwa mfano kivuko cha MV Kilombero. Abiria husema pantoni. Ngeli yake haijatulia hadi leo: huyu atasema “pantoni imejaa”, yule “pantoni limejaa”, na yakiwa mawili ni mapantoni, wala hakuna anayemsahihisha mwenzake. Kigamboni, Dar es Salaam, wanalitumia hivyohivyo, lakini ukivuka mpaka kwenda Mombasa utasikia feri tu.

Januari 2016 upepo mkali ulikipindua kivuko cha MV Kilombero II kikiwa na watu na magari, wakati nguzo za daraja zilikuwa zimekwisha kusimama mtoni. Wenyeji wa bonde hawakuhitaji tena kuelezwa faida ya daraja. Daraja lilipoanza kutumika, kazi ya pantoni hapo ikaisha. Mitumbwi haikuondoka: bado inavua perege na kambare chini ya daraja.

Msomaji wa Ifakara, Minepa au Lupiro anayekumbuka Wandamba waliiitaje pantoni kwa Kindamba, kabla neno hili halijazoeleka, tafadhali atuandikie.