Mpangaji Mkongwe wa Tumbo

Ukitaja tu kwamba tumbo linakuchoma, kuanzia Makadara hadi Umoja, utapata madaktari watano kabla hujafika steji. Mmoja analaumu pilipili, mwingine madondo, mwingine stress. Wa mwisho atakuambia unywe maziwa, uache kushinda njaa. Jina la ugonjwa wameshakubaliana: alsa.

Tusiwacheke. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari wenyewe walifundishwa kwamba tumbo lina asidi kali mno, bakteria hawezi kuishi humo, na kwamba vidonda vinaletwa na asidi kuzidi na mawazo mengi. Mwaka wa 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha bakteria kutoka kwa matumbo ya wagonjwa. Na hiyo ni kwa sababu likizo ya Pasaka ilifanya sahani za maabara ziachwe siku nyingi kuliko kawaida. Wakubwa wa fani hawakushawishika, so mwaka wa 1984 Marshall akawanywa hao bakteria mwenyewe. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na vipimo vikaonyesha tumbo limevimba. Nobel ilikuja 2005.

Mdudu mwenyewe, Helicobacter pylori, ana mwili uliojipinda kama skrubu, na mikia ya kuogelea. Akiingia tumboni hakai kwenye asidi kungoja kufa. Anatoa kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia, na amonia inapoza asidi pale alipo tu. Kisha anapenya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo, anajishikiza kwa seli. Aina zingine zake zina kitu kama sindano, wanadunga protini ndani ya seli zetu. Kinga ya mwili inakuja kupigana lakini haimmalizi. Vita inaendelea miaka na miaka, na anayeumia ni ukuta. Ukichakaa, asidi inachimba kidonda. Wengi walio naye hawasikii chochote maisha yao yote. Wachache wanapata vidonda, wachache zaidi saratani.

Halafu kuna hii. Mwaka wa 2007 watafiti walilinganisha jeni za bakteria hawa kutoka pembe nyingi za dunia, wakakadiria kwamba walisambaa kutoka Afrika Mashariki miaka 58,000 hivi iliyopita, ndani ya matumbo ya watu waliohama. Yaani kile Marshall alimeza Perth, babu zake walitoka huku kwetu.

Lakini uzee wake hauelezi mbona anatuandama sisi zaidi. Kwa kawaida anaingia utotoni, ndani ya familia, kupitia mate, matapishi, kinyesi na maji machafu. Kwa hivyo mimi huona swali la pilipili ni la kupoteza muda. Uliza mnalala wangapi, na choo ni cha watu wangapi.

Hapo serikali ya kikoloni ina jibu lake. Pumwani ilipoanzishwa miaka ya 1920, na Shauri Moyo ikafuata miaka ya 1930, Mwafrika jijini alihesabiwa kama kibarua asiye na familia, wa kufanya kazi kisha arudi reserve. Alipimiwa nafasi ya kitanda, bomba na choo vikawa vya kushiriki na majirani. Mke na watoto walipokuja, chumba hakikuongezeka. Nchi zilizotajirika ziliona maambukizi yakishuka hata kabla ya mtu yeyote kumjua huyu mdudu, kwa sababu tu nyumba na maji vilikuwa bora.

Dawa ipo: kwa kawaida antibayotiki mbili pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi siku 14. Ukinunua za siku tano kwa kemisti kwa sababu pesa imeishia hapo, unaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Pia kipimo cha damu kinaweza kukuonyesha bado unaye hata kama ulishapona, so ukiweza omba cha choo au cha pumzi.

Na kule Kayole na Pipeline, magorofa ya singo bado yanapanda, mitungi imepangwa foleni pale chini.