Ndondi za Kwetu na Wapinzani Walio Sawa

Katika miaka ya 1950 na 1960 ndondi zilikuwa na makao yake katika kumbi za mitaa, kama Pumwani na Kaloleni. Philip Waruinge, mtu wa Nakuru, alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na juu yake akatunukiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia stadi kuliko wote. Mwaka 1972 kule Munich alileta fedha.

Ustadi huo hukua kwa wapinzani wakali, na Waganda walikuwa karibu: mwaka huo wa 1968 Eridadi Mukwanga alipata fedha na Leo Rwabwogo shaba. Lakini bingwa akipangiwa mtu dhaifu aangushwe raundi ya kwanza, kiingilio chetu kimepotea (hilo si kubwa), na kijana wa watu ameumizwa bure.

Robert Wangila, aliyetwaa dhahabu Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano kule Las Vegas. Ikiwa hata bingwa hufa, twawauliza wapangaji: kabla ya kengele kulia, mizani iko wapi, na daktari yuko wapi?