Mraba uliokula vidole vya mjomba

Najua nimepotea, wiki mbili nzima sijaweka kitu, lakini si mnajua semista ikifika katikati inakuwaje. Asaimenti tatu kwa mpigo, bumu halijaingia, na lile desa la Falsafa ya Elimu nililorithi kwa wa mwaka wa tatu limefifia kurasa nne za katikati, zile zile zenye majibu. Leo naandika kitu ambacho hakimo kwenye kozi yangu hata moja. Kilianzia kwenye kozi, kikanitoa nje.

Ilikuwa hivi. Tulipewa kazi ya kuandika juu ya Jeremy Bentham, yule mwanafalsafa wa Uingereza aliyepima wema wa jambo kwa kiasi cha furaha linachowaletea watu. Nikawa kimbwetani nasoma habari za gereza alilolibuni, lile ambalo mlinzi mmoja anaweza kuwaona wafungwa wote na wao hawamwoni. Katikati ya maelezo nikakuta kwamba alikuwa na mdogo wake, Samuel, mhandisi wa mambo ya meli, na kwamba Samuel alibuni mashine za kupasua mbao na kupiga randa ambazo ndugu hao wawili walikusudia ziendeshwe na wafungwa. Yaani kazi ya fundi seremala ifanywe na mtu asiye fundi.

Falsafa ikaishia hapo. Nilimkumbuka mjomba.

Wanaonifahamu toka nyumbani wanamjua. Ni seremala. Mkono wake wa kushoto una kidole gumba na kidole cha mwisho tu, vile vitatu vya katikati vinaishia kwenye fundo la kwanza. Ilikuwa 2014, mimi nipo darasa la tano, na siku ile mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea chai karakana. Sitasimulia nilichokiona kwenye maranda. Ninachotaka mjue ni kwamba tangu siku ile hadi leo, nyumbani habari hiyo ina maelezo ya neno moja: alizubaa. Mama anasema alizubaa. Mwenye karakana alisema alizubaa, akatoa nauli ya hospitali basi. Na mjomba mwenyewe anasema hivyo hivyo, “nilizubaa anko”, kama mtu anayekiri kosa polisi.

Sasa nimesoma historia ya ile mashine na nina neno la kusema.

Tuanze na randa ya mkono, ambayo wengi mmeiona. Kisu kimefungwa ndani ya kipande cha mbao au chuma, kimelala kwa mshazari, ncha imechungulia kidogo chini. Fundi anasukuma, maranda yanatoka yamejikunja. Samuel Bentham alipopata hataza yake ya kwanza mwaka 1791 (hataza ni ile haki ya mvumbuzi kumiliki peke yake alichobuni kwa miaka kadhaa) mashine yake ilikuwa inaiga mkono huo huo: randa kubwa inakwenda mbele na kurudi nyuma. Miaka miwili baadaye, 1793, akachukua hataza nyingine pana zaidi, na humo ndimo lilimo wazo lililobadilisha kila kitu: kisu kisisukumwe, kizungushwe. Funga visu kwenye kitu kinachozunguka kwa kasi, kisha mbao ndiyo ije.

Kwangu mimi hapo ndipo alipoacha kumwiga binadamu, na wavumbuzi wengi wanashindwa hapo. Mkono wa mtu lazima urudi nyuma kabla ya kusukuma tena. Kitu kinachozunguka hakirudi nyuma.

Baada yake walikuja wengi. Joseph Bramah, yule yule wa makufuli, mwaka 1802 alipata hataza ya mashine yenye sahani kubwa inayozunguka juu ya mbao, visu vimepachikwa kwa chini, mbao inapita chini yake. Moja iliwekwa kwenye karakana za silaha za Woolwich. Malcolm Muir wa Glasgow akaja na yake 1827 kwa ajili ya mbao za sakafu. Halafu Marekani, tarehe 27 Desemba 1828, William Woodworth wa jimbo la New York akapata hataza ya mashine yenye visu vinavyozunguka pamoja na rola za kuikandamiza mbao isiruke. Rola zile ndizo zilizoifanya mashine iaminike.

Woodworth ana kisa chake, nitakipitia haraka maana kinaudhi. Hataza ilitakiwa kuisha 1842. Ikaongezwa miaka 7. Kabla hiyo haijaisha, mwaka 1845 Bunge la Marekani likaongeza mingine 7. Woodworth mwenyewe alishafariki 1839, lakini warithi na walionunua haki hiyo waliendelea kukusanya pesa kwa kila aliyetaka kupiga randa kwa mashine hadi mwisho wa 1856. Miaka 28! Kesi zake zilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile. Mtu anaweza kusoma shahada ya sheria kwa kutumia randa peke yake.

Turudi kwenye kichwa, maana mjomba hakuumizwa na hataza. Naita kichwa ule mhimili wa chuma unaobeba visu. Kwenye mashine ya Woodworth mbao inavutwa na mashine yenyewe, mikono ipo mbali. Lakini karakana ndogo zilihitaji mashine nyingine rahisi: meza iliyokatwa katikati, kichwa kinazunguka kwenye ule mwanya, na fundi anaisukuma mbao kwa mikono yake juu ya visu. Ndiyo hii iliyopo kwenye karakana nyingi mtaani kwetu. Na kwa miaka mingi ya karne ya 19 kichwa cha mashine hizo kilikuwa cha mraba. Chuma cha pembe nne.

Kwa nini mraba? Siyo ujinga. Visu vya wakati ule vilikuwa vinene na vizito, vinafungwa kwa bolti, na bolti inataka uso bapa wa kukalia. Mraba una nyuso nne bapa bure. Ukitaka kisu cha kuchonga mapambo ya fremu unafungua hiki unafunga kile. Fundi chuma yeyote anaweza kuutengeneza.

Shida ni hesabu. Nilimwomba rumeti wangu wa Hisabati anisaidie (nimemlipa chapati mbili). Chukua mraba ambao pembe zake zinazunguka kwenye duara la upana wa milimita 100. Kutoka katikati hadi kwenye pembe ni milimita 50. Kutoka katikati hadi kwenye uso bapa ni kama 35. Tofauti ni karibu milimita 15. Maana yake, kila pembe inapopita pale juu, nyuma yake kunafuata shimo la kina cha milimita 15, halafu pembe nyingine, halafu shimo. Pimeni vidole vyenu kwa rula. Milimita 15 ni kidole.

Kichwa hicho kikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pembe zinapita mara 266 kila sekunde. Kwa macho huoni mraba wala shimo, unaona kitu laini kama kivuli cha duara. Mbao ikiwa na fundo, kisu kikigonga, mbao inarushwa na mkono uliokuwa unaikandamiza unashuka. Mkono unaoshuka kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, ambao siyo mwendo wa ajabu kwa mtu aliyekuwa anasukuma kwa nguvu, unaingia zaidi ya milimita 7 kabla pembe inayofuata haijafika. Kisha inafika. Haiparuzi ngozi, inakuta nyama na mfupa vimeshaingia ndani.

Kichwa cha mviringo ni kitu kingine kabisa. Ni silinda imara, imechimbwa mifereji ya kupachika visu vyembamba, na visu vinachungulia nje kama milimita 1 tu. Mkono ukishuka unakutana na mgongo wa chuma. Bado unakatwa, msije mkanielewa vibaya, hakuna randa ya upole. Lakini mara nyingi unapoteza ngozi na ncha ya kidole. Huvutwi ndani.

Nilipofika hapa nikajiuliza swali ambalo nadhani hata nyie mnajiuliza. Silinda ni umbo la kwanza ambalo fundi wa kuchonga chuma anajifunza. Kwa nini mviringo huu ulisubiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ndiyo uanze kuenea?

Jibu moja ni la chuma. Kisu chembamba cha milimita chache kinahitaji chuma kisicholegea kikipata moto. Chuma cha namna hiyo kilitokana na majaribio ya Frederick Taylor na Maunsel White pale Bethlehem Steel, na dunia ilikiona kikifanya kazi kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. (Taylor ni yule yule wa menejimenti, wenzangu wa Utawala wa Elimu mnamjua na saa yake ya kuhesabia wafanyakazi.) Kabla ya hapo kisu chembamba kilikuwa ndoto, na wahandisi wanayo haki ya kujitetea hivyo.

Jibu la pili silipendi lakini ndilo ninaloliamini zaidi. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, kidole cha fundi kilikuwa hasara ya fundi. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, waajiri wa sekta moja wakalazimika kuchangia mfuko wa pamoja wa kuwalipa majeruhi, na mifuko hiyo ikapewa uwezo wa kutunga kanuni za usalama na kukagua viwanda. Uingereza ikafuata na sheria ya fidia mwaka 1897, mwajiri analipa hata kama hakukosea yeye. Wisconsin kule Marekani ikatunga yake 1911. Kidole kikawa na bei, na bei hiyo inalipwa na mwenye mashine. Ghafla mraba ukaonekana ni ghali. Na mwaka 1922 kanuni za Uingereza za mashine za mbao zikakataza kabisa: randa ambayo mbao inasukumwa kwa mkono, bila kichwa cha mviringo, isitumike.

1922 wadau. Wakati huo huo Tanganyika yetu ilikuwa chini ya Waingereza hao hao.

Siku hizi wenzetu wameshaenda mbele zaidi. Kuna vichwa ambavyo badala ya visu virefu vina vipande vidogo vya mraba vya metali ngumu sana, jamii ya ile ambayo Krupp wa Ujerumani aliiuza kuanzia 1926 kwa jina la Widia, kwa maana ya “kama almasi”. Vipande vimepangwa kwa mzunguko wa kujiviringa, ukikitazama kichwa kinafanana na gunzi lenye punje. Kelele inapungua kwa sababu mbao haipigwi na kisu kizima kwa wakati mmoja, na punje moja ikimeguka unaigeuza upande wa pili. Safi sana. Lakini hiyo ni habari ya wenye pesa.

Jumamosi nikampigia mjomba.

“Shikamoo anko.”

“Marahaba anko, chuo hawajakufukuza?”

Nikamuuliza moja kwa moja: ile mashine ya 2014, kichwa chake kilikuwa cha duara au cha pembe? Akanyamaza. Nikadhani simu imekata.

“Cha pembe. Pembe nne. Kilichongwa hapo hapo mtaani kwa chuma chakavu. Kwa nini?”

Nikamweleza yote. Shimo la milimita 15, Wajerumani, mwaka 1922. Nilikuwa naongea haraka kama niko kwenye presentesheni. Nilipomaliza akasema, “1922 babu yako hajazaliwa.” Halafu akasema, “Kwa hiyo walikuwa wanajua.” Nikasema ndiyo anko, walikuwa wanajua. Sikumsikia akisema kwamba alizubaa. Ila kwa kweli hakusema pia kwamba hakuzubaa, na mimi sikutaka kumlazimisha.

Akauliza kichwa cha mviringo kinauzwa bei gani. Sijui bei, nikamwambia nitaulizia kwa wauza mashine mjini, na asimpe kazi hiyo fundi wa kuchomelea, maana silinda isiyolingana uzito pande zote inatikisika, na kwa mizunguko 4,000 inaweza kutupa kisu. Akasema sawa.

Usiku akanitumia picha ya mashine anayotumia sasa hivi, huko alikohamia. Ameipiga kwa karibu, imezimwa, mkanda umetolewa. Kichwa ni cha mraba, visu viwili, bolti nne nne, na pembeni ya picha kinaonekana kidole gumba chake cha kushoto.

Likizo ikianza tu nitaenda naye kwa hao wauza mashine. Kama kuna mdau anajua duka lenye vichwa vya silinda vya inchi 8, hata vilivyotumika, aniambie. Bumu likiingia nitachangia. Sasa naenda kimbwetani, Jumatatu kuna test ya Saikolojia na Bentham bado sijammaliza.