Msamiati wa vyombo vya majini katika Kiswahili

Msamiati wa vyombo vya majini katika Kiswahili ni jumla ya maneno yanayotaja vyombo vya kusafiria majini, sehemu zake, matanga na kamba zake, watu wanaoviendesha na kazi zao, pamoja na pepo zinazovisukuma. Maneno hayo yalikua katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia hadi kaskazini mwa Msumbiji, na katika visiwa vya Lamu, Pemba, Unguja, Mafia na Komoro. Mengine yana asili ya Kibantu, mengine yalitoka katika Kiarabu, Kiajemi, lugha za Bara Hindi, Kireno na Kiingereza.

Msamiati huu ni mpana kuliko unavyoonekana katika vitabu vya shule. Anayetafsiri maandishi ya Kiingereza kuhusu ubaharia huweza kudhani kwamba Kiswahili hakina neno, kumbe neno lipo na limekuwa likitumika kwa muda mrefu Lamu, Unguja au Mafia.

## Historia

Safari za baharini katika mwambao huu ni za kale. *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 BK, kinataja bandari ya Rhapta na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na huko Malindi alipata rubani wa kumwongoza hadi Kalikuti, Bara Hindi.

Usafiri huo ulitegemea pepo za misimu. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi, unaovuma takriban Aprili hadi Septemba, uliyarudisha kwao. Mabaharia waliosubiri upepo ugeuke walikaa bandarini kwa miezi, wakifanya biashara na kutengeneza vyombo vyao pamoja na wenyeji. Kwa njia hiyo maneno ya kazi yalihama kutoka lugha moja kwenda nyingine.

## Asili ya maneno

* Kibantu: *mtumbwi*, *tanga* na *kivuko* (kutokana na kitenzi *kuvuka*). Lugha nyingine za Kibantu zina shina jingine la kale la kutaja mtumbwi, linaloonekana katika Kiganda *eryato* na Kilingala *bwato*.
* Kiarabu: *bahari*, *baharia*, *rubani*, *usukani*, *sitaha*, *shehena*, *dira*.
* Kiajemi: *bandari*, *serahangi* na *nahodha*. Neno la mwisho liliunganisha maneno mawili yenye maana ya "chombo" na "bwana", yaani bwana wa chombo.
* Lugha za Bara Hindi: *gati*, yaani mahali pa kufungia chombo na kupakulia mizigo.
* Kireno: *bendera*, *bomba*, *boya*, *roda*.
* Kiingereza: *boti*, *injini*, *meli*, *manowari*. Meli ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua, kwa sababu meli za moshi za karne ya 19 zilichukua barua. Manowari ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la meli ya vita.

## Aina za vyombo

Neno *chombo* lenyewe lina maana mbili: kifaa cha matumizi, kama sufuria au bakuli, na kitu cha kusafiria majini. Katika maana ya pili hujumuisha aina nyingi.

*Mtumbwi* huchongwa kutoka gogo moja la mti. *Hori* ni chombo kidogo cha namna hiyohiyo. *Ngalawa* nayo huchongwa kwa gogo, lakini ina *mirengu*, yaani miti inayotokeza pande zote mbili na kushika mbao zinazoelea ili chombo kisipinduke. Ngalawa husafiri kwa tanga na hutumiwa sana na wavuvi. *Dau* na *mashua* hujengwa kwa mbao. *Jahazi* ni kubwa zaidi, hubeba shehena na husafiri mwendo mrefu.

*Mtepe* ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu na Wabajuni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la pembe nne lilisukwa kwa majani ya ukindu au mkoma. Mitepe ya kusafiria haijengwi tena. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe wa mfano kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020.

Vyombo vya kigeni vilivyofika mwambao navyo vilipewa majina ya Kiswahili, kama *bagala*, *sambuku* na *bedeni*. Kila jina lilitaja umbo la chombo, na mtu mzoefu aliweza kukitambua kikiwa bado mbali.

## Sehemu za chombo

Mbele ya chombo huitwa *omo* na nyuma huitwa *tezi* au *shetri*. Mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote ni *mkuku*. *Mataruma* ni mbao za ndani zinazoshikilia ubavu wa chombo, kama mbavu za mnyama. *Ngama* ni sehemu ya chini ndani ya chombo, ambako maji hukusanyika na kutekwa. Maneno haya matatu, tezi, omo na ngama, yamo katika methali maarufu: *Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani*. Maana yake ni kwamba mtu hata akienda huku na huko, mwishowe hurudi pale pale.

*Usukani* huelekeza chombo, na mpini wake huitwa *kana*. *Farumi* ni mawe, mchanga au uzito mwingine unaowekwa chini ili chombo kitulie. *Kalafati* ni pamba au nyuzi zinazosindiliwa katika nafasi kati ya mbao ili maji yasiingie.

## Tanga, kamba na upepo

*Mlingoti* ni mti uliosimama, na *foromali* ni mti unaofungiwa tanga na kupandishwa juu ya mlingoti. *Mlingoti wa maji* ni ule unaotokeza mbele ya omo, na *mlingoti wa galme* ni mdogo wa nyuma.

Kila kamba ina jina kulingana na kazi yake. *Henza* ni kamba nene ya kupandishia foromali. *Jarari* hupita katika roda na kusaidia kuvuta henza. *Demani* ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, na *goshi*, au *joshi*, ni ya pembe ya mbele. Kutokana na kamba hizo, upande wa chombo unaopokea upepo huitwa *upande wa goshi*, na upande wa pili huitwa *upande wa demani*.

*Kutweka tanga* ni kulipandisha, na *kutua tanga* ni kulishusha. *Kutia nanga* ni kusimamisha chombo, na *kung'oa nanga* ni kuanza safari. *Kubisha* ni kwenda kinyume na upepo kwa kukata pembe, mara upande huu, mara upande ule. Chombo kinachoyumba kwa mawimbi *huenda mrama*.

Pepo zimeingia hata katika majina ya pande za dunia. *Kaskazini* ni upande unakotoka kaskazi, na *kusini* ni upande unakotoka kusi. *Mashariki* na *magharibi* ni maneno ya Kiarabu yanayohusu kuchomoza na kuchwa kwa jua.

## Tafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili

Kutafsiri msamiati huu kuna matatizo kadhaa.

Neno moja dhidi ya mengi. Kiingereza hutumia neno *dhow* kwa jahazi, mashua na dau, na hata kwa vyombo vya Uarabuni. Mfasiri anayeliandika "jahazi" kila mahali huweza kumgeuza mvuvi wa dau kuwa mfanyabiashara wa bahari kuu. Lazima kwanza ajue ukubwa na kazi ya chombo kinachotajwa.

Maneno yenye sura ya kawaida. Katika ubaharia wa Kiingereza, *sheet* si shuka wala karatasi, bali ni kamba ya tanga, yaani demani. Vilevile *knot* si fundo la kamba tu, bali ni kipimo cha mwendo wa kilomita 1.852 kwa saa. Kipimo hicho kilipata jina lake kwa sababu mabaharia wa zamani walitupa majini kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita kwa muda maalumu. Kwa upande wa Kiswahili, *kubisha* humpoteza mgeni anayejua maana ya kugonga mlango au kupinga maneno tu.

Kulia na kushoto. Kiingereza kina majina ya pekee ya pande mbili za chombo, *starboard* kwa kulia na *port* kwa kushoto, mtu akitazama omo. Pande hizo hazibadiliki. Goshi na demani haziwezi kuwa tafsiri yake, kwa kuwa hubadilika kila upepo unapopokewa kwa upande mwingine. Tafsiri salama ni "upande wa kulia wa chombo" na "upande wa kushoto wa chombo". Kosa hapa si la lugha tu. Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, taa ya kulia ni ya kijani na ya kushoto ni nyekundu, na kwa taa hizo nahodha hutambua usiku chombo kingine kinaelekea wapi.

Vitu vipya. Kwa injini na mitambo, Kiswahili kimetohoa maneno au kuunda mapya. *Nyambizi* ni meli inayokwenda chini ya maji. *Kivuko* na *pantoni* hutaja chombo cha kuvusha watu na magari. Vazi la kuelea huitwa *jaketi la kuokolea maisha* au *jaketi okozi*.

## Katika kamusi

Maneno mengi ya matanga yalihifadhiwa na kamusi za zamani, hasa ya Ludwig Krapf (1882), ya Frederick Johnson (1939) na ya padre Charles Sacleux (1939–1941), iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mwanaanthropolojia A. H. J. Prins alichapisha mwaka 1965 utafiti kuhusu ubaharia wa Lamu. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI ilitoka mwaka 1981, na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA mwaka 2015.

## Matumizi barani

Maneno ya bahari yamesambaa hadi mahali pasipo na chombo chochote cha majini. Mfano ni tarafa ya Sale katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, wanakoishi Wasonjo, ambao hujiita Batemi na hulima kwa mifereji ya umwagiliaji, pamoja na Wamasai wafugaji. Ziwa Natron lililo karibu lina kina kifupi na maji ya magadi, na linajulikana kwa heroe wanaozaliana humo, si kwa usafiri. Ziwa Eyasi, upande wa Karatu, nalo ni la magadi, na maji yake hupungua sana wakati wa ukame.

Hata hivyo msemaji wa Kiswahili wa huko hutumia maneno ya mabaharia kila siku. Usukani kwake ni wa gari. Rubani ni wa ndege. Bendera hupandishwa shuleni na bomba hutoa maji kijijini. Mkutano *hung'oa nanga*, mipango *huenda mrama*, na kiongozi *hushika usukani*. Methali *Manahodha wengi, chombo huenda mrama* hufundishwa kwa watoto ambao hawajawahi kuona jahazi. Mwalimu akieleza kwanza kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo, methali hueleweka bila kukaririwa.

## Lugha na usalama

Katika bahari na maziwa ya Afrika Mashariki, maneno haya yanahusu uhai wa watu. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa na abiria wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 walikufa.

Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha orodha ya semi sanifu za Kiingereza za mawasiliano ya mabaharia, ili meli za mataifa mbalimbali zielewane. Abiria wa kivuko cha Ukara au boti ya Pemba, hata hivyo, huhitaji maelezo kwa Kiswahili: jaketi liko wapi na linafungwaje, abiria wakae upande gani, na kwa nini shehena isizidi. Mtu anayejua kazi ya farumi huelewa upesi kwamba mzigo uliorundikwa juu ya sitaha hukipunguzia chombo utulivu, hata kama uzito wote haujapita kiwango.

## Hali ya sasa

Majahazi yaliyofungwa injini hayahitaji kubisha, na mafundi vijana hawatumii tena baadhi ya majina ya kamba. Ngalawa, madau na mashua za tanga bado zinaonekana Lamu, Unguja, Pemba, Mafia na Kilwa, na ndiko maneno kama goshi, demani na foromali yanakosikika katika kazi. Kwingineko yamebaki katika kamusi na methali.

## Tazama pia

* Jahazi
* Mtepe
* Ngalawa
* Pepo za misimu
* Methali za Kiswahili