Taamiya, bagia ya Misri: ipike kwa kunde, si kwa maharage

Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Kasulu alitutumia ujumbe baada ya kuona video ya mapishi kwenye simu. Mpishi wa Cairo aliloweka maharage usiku kucha, akayasaga bila kuyachemsha, akayakaanga na kuyaweka ndani ya mkate. Swali lake lilikuwa fupi: "Huku kwetu maharage yapo tele. Je, na sisi tunaweza kufanya hivyo?"

Hewani tulijibu kwa kifupi: kwa maharage yetu, hapana, yatawaumiza watu. Lakini chakula hicho kinapikika vizuri Kasulu na Kibondo kwa kutumia kunde. Kwa kuwa wengi mliuliza tena, tumeandika maelezo yote hapa ili uyasome ukiwa jikoni.

Taamiya ni nini?

Taamiya ni bagia inayouzwa barabarani kote Misri, hasa asubuhi. Hutengenezwa kwa mbegu kubwa bapa ambazo Wamisri huziita ful. Huzibangua, huziloweka, huzisaga pamoja na vitunguu, majani mabichi na viungo, kisha hukaanga. Ndiyo maana ukiikata, ndani ina rangi ya kijani. Nchi za Lebanon na Syria hupika bagia ya namna hiyo kwa dengu, na huiita falafel.

Haina nyama, yai wala maziwa. Wakristo wa Kikopti wa Misri huila sana siku zao za kufunga, na majirani zao Waislamu wanaila pia. Kwa anayefunga Kwaresima au anayetafuta kitoweo siku ambayo nyama haikupatikana, inafaa.

Kwa nini si maharage?

Ful na maharage yetu si mbegu moja. Maharage tunayolima, asili yake ni bara la Amerika, na yakiwa hayajaiva yana sumu ya asili. Maharage mekundu ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Punje 4 au 5 zisizoiva zinaweza kumfanya mtu augue. Ndani ya saa 1 hadi 3 huanza kichefuchefu, kisha kutapika sana, kuharisha na maumivu ya tumbo.

Sumu hiyo huisha maharage yanapochemka kwa nguvu ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri kuyaloweka angalau saa 12, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha kwa nguvu kwenye maji mapya kwa dakika 10 au zaidi. Sisi wa nyanda za juu tusibane dakika, kwa sababu maji huku huchemka kwa joto dogo kidogo kuliko pwani. Tuyachemshe mpaka yalainike kabisa, kama tulivyozoea.

Bagia haikai kwenye mafuta kwa muda huo. Nje hubadilika rangi mapema, wakati ndani maharage bado hayajaiva. Na moto mdogo usiofikisha maji kuchemka ni hatari, kwa kuwa unaweza kuiongeza nguvu sumu badala ya kuiondoa.

Mtu akipata dalili hizo baada ya kula maharage yasiyoiva, mpe maji ya ORS kidogo kidogo na umwahishe zahanati, hasa akiwa mtoto au mzee.

Kwa nini kunde?

Kunde ni zao la Afrika, na kusagwa bila kuchemshwa ni jambo la kawaida kwake. Bagia za kunde zinajulikana pwani yetu. Nigeria wana yao iitwayo akara, na watu waliopelekwa utumwani walifika nayo Brazil, ambako hadi leo hukaangwa kwa mawese. Mawese sisi wa Kigoma tunayo.

Kuna sababu nyingine. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu, na hali hii ipo zaidi maeneo yenye malaria kama yetu. Watu hao wakila ful, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Kunde hazina shida hiyo.

Vinavyohitajika

Kwa bagia takribani 30:

- Kunde kavu nusu kilo, zilizochambuliwa
- Kitunguu maji 1 kikubwa
- Kitunguu saumu punje 5
- Majani ya kitunguu na majani ya giligilani, fungu dogo kila kimoja
- Bizari nyembamba, kijiko 1 cha chai
- Chumvi, kijiko 1 na nusu cha chai
- Pilipili, ukipenda
- Ufuta kidogo wa kupaka juu, ukipatikana
- Mafuta ya kukaangia

Namna ya kupika

1. Loweka kunde jioni kwenye maji mengi, maana zitavimba. Ziache saa 8 hadi 12.

2. Asubuhi zifikiche kwa mikono ili maganda yatoke na kuelea. Yaondoe, mwaga maji, suuza. Si lazima maganda yote yaishe.

3. Zichuje vizuri, kisha zitandaze kwenye kitambaa safi kwa nusu saa. Maji yakibaki mengi, bagia hazitashikana.

4. Zitwange kwenye kinu pamoja na vitunguu na majani. Mwenye blenda atumie bila kuongeza maji. Acha kutwanga zikiwa chengachenga laini. Ukifinya kiganjani, donge lisimame. Usizipeleke mashine ya unga zikiwa kavu, kwa kuwa bagia za unga hutoka ngumu.

5. Tia bizari, chumvi na pilipili. Piga mchanganyiko kwa mwiko dakika 3 ili uingie hewa. Hii ndiyo inayolainisha bagia, na huhitaji hamira.

6. Tengeneza vidonge bapa vyenye unene wa kidole kimoja. Vikiwa vinene zaidi, katikati haviivi. Gandisha ufuta juu.

7. Pasha mafuta ya kina cha vidole vitatu. Dondosha kipande kidogo: kikipanda juu haraka huku kikitoa povu, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi, epua kwanza.

8. Kaanga chache chache, dakika 4 hadi 5, ukigeuza. Pasua ya kwanza. Ndani iwe imekauka na yenye tundutundu, isiwe na harufu ya kunde mbichi. Ikinata, punguza moto na uongeze muda.

Kosa tulilolifanya sisi

Mara ya kwanza tulidhani tukichemsha kunde kidogo tutakuwa salama zaidi. Bagia zote zilisambaratika ndani ya karai, tukabaki na mafuta yaliyojaa chenga. Kunde iliyochemshwa imeshashiba maji, haina tena nguvu ya kushikana. Ile iliyolowekwa tu huivia ndani ya mafuta, na hapo ndipo hujishikiza.

Kama nyumbani una maharage tu

Usikose kula. Yachemshe mpaka yaive kabisa, yachuje, yaponde. Changanya na vitunguu vilivyokatwa na viungo vile vile, kisha ongeza vijiko 4 au 5 vya unga wa ngano, au yai moja, ili yashikane. Kaanga kwa mafuta kidogo kwenye kikaango. Si taamiya ya Cairo, lakini ni chakula kizuri na salama, hata cha kumfungia mtoto aendapo shule.

Kula na nini?

Wamisri huziweka ndani ya mkate wa duara pamoja na nyanya na rojo la ufuta. Wewe tumia chapati, au zile na muhogo wa kuchemsha. Kwa rojo, kaanga ufuta au karanga kidogo, twanga hadi zilainike, ongeza maji, ndimu na chumvi. Kula zikiwa moto. Mchanganyiko uliobaki usiulaze nje, maana huchacha haraka. Kaanga zote siku hiyo hiyo.

Na ukikutana tena na video ya mapishi ya mbali, uliza kwanza ile mbegu ni ipi. Ukiwa na shaka, tutumie ujumbe kabla hujabandika karai.