Taharuki katika Mahali Finyu: Hukumu ya Watu Waliofungiwa Pamoja

1. Neno na swali

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno taharuki hutaja hali ya msomaji au mtazamaji anayengojea kwa wasiwasi jambo litakalotokea. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno harakati. Kwa hiyo ndani yake mna wazo la mwendo. Hata hivyo, liko tawi moja la hadithi za taharuki ambamo mwendo umezuiwa: watu wamo chumbani, ndani ya garimoshi au mashuani, na hakuna awezaye kutoka. Mwili umekaa mahali pamoja. Kinachokwenda mbio ni moyo.

Historia ya tawi hilo aghalabu husimuliwa kama historia ya kuta na makufuli. Yafuatayo yanakusudia kuonyesha kwamba iliyo na uzito zaidi ni historia ya hukumu. Katika muda wa karne moja hivi, swali la msingi liligeuka. Hapo mwanzo liliulizwa: muuaji aliingiaje? Baadaye likawa: walio ndani watahukumiana vipi?

2. Kutoka fumbo hadi hukumu

Mwanzo wa tawi hili huwekwa kwa kawaida mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alipochapisha The Murders in the Rue Morgue. Mama na binti yake wameuawa jijini Paris, na chumba kilimotendeka kisa kimefungwa kwa ndani. Mwaka 1907 Mfaransa Gaston Leroux alilikuza fumbo hilohilo katika Le Mystère de la chambre jaune. Katika maandishi hayo, chumba ni kama hesabu ngumu: mpelelezi akishapata jibu, hofu imekwisha, na msomaji hadaiwi neno.

Mwingereza Agatha Christie ndiye aliyeyavuruga mambo hayo mwaka 1934 katika Murder on the Orient Express. Garimoshi limekwama thelujini nchini Yugoslavia. Abiria mmoja amekutwa amekufa, ana majeraha 12 ya kisu. Mpelelezi Poirot agundua kwamba marehemu alikuwa mtekaji nyara aliyemwua mtoto mdogo huko Marekani, kisha akaiponyoka sheria. Waliomchoma ni watu 12, idadi ya juri ya Kiingereza, yaani baraza la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Poirot atoa maelezo mawili, moja la kweli na moja la uongo, na lile la uongo ndilo lakubaliwa lipelekwe kwa polisi. Fumbo limefumbuliwa, lakini msomaji abaki na mzigo: je, waliofanya hivyo walitenda haki?

3. Mashua ya mwaka 1944

Swali hilo lilifikishwa mbali zaidi na Alfred Hitchcock katika filamu yake Lifeboat, iliyotolewa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Hadithi ya msingi iliandikwa na John Steinbeck. Meli imezamishwa na nyambizi ya Kijerumani, na nyambizi nayo imezama. Walionusurika wamo katika mashua moja, na baada ya muda mfupi wampandisha Mjerumani mmoja, Willi. Tangu hapo kamera haiiachi mashua ile. Isipokuwa mwanzoni na mwishoni, hakuna hata muziki wa kusindikiza. Husikika mawimbi na maneno ya watu.

Hitchcock alikuwa na nadharia yake kuhusu taharuki, aliyomweleza Mfaransa François Truffaut katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1966. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, alisema, mtazamaji hupata mshtuko wa sekunde chache; lakini akijua tangu awali kwamba bomu lipo, hali walioketi mezani hawajui, hutaharuki kwa dakika nyingi. Ndivyo ilivyo mashuani. Mtazamaji amemwona Willi akitazama kwa siri dira aliyoificha, wakati wenzake wanabishana juu ya njia ya kwenda. Ajua wanapotezwa, wala hana namna ya kuwaambia.

Willi ana maji pia, aliyoyaficha. Baharia aliyekatwa mguu, Gus, amwona akinywa, naye Willi amsukuma baharini wakati wengine wamelala. Wenzake wanapoigundua siri hiyo, wamshambulia wote kwa pamoja, wampiga, wamtupa majini. Hakuna shtaka, hakuna utetezi, hakuna kura. Mtu mmoja tu hashiriki: Joe, mtumishi wa meli, Mweusi pekee mashuani, aliyechezwa na Canada Lee. Joe huyo ndiye aliyeuliza mapema kama naye ana haki ya kupiga kura, kisha akachagua kujitenga.

Hapa pana ubishi wa kihistoria. Filamu ilipotoka, baadhi ya wahakiki wa Marekani walilalamika kwamba Mjerumani ameonyeshwa kuwa hodari kuliko wapinzani wake. Lalamiko la Steinbeck lilikuwa lingine: aliona kwamba Joe wake, mtu mwenye heshima kamili, amegeuzwa kuwa kielelezo cha dharau kilichozoeleka, na akaomba jina lake liondolewe kwenye filamu. Malalamiko hayo mawili yaonyesha kwamba kuisoma mashua hii kama jamii ndogo kwataka kuuliza pia nani ahesabiwa kuwa mwanajamii.

4. Chumba cha watu 12

Jibu la kinyume lilikuja mwaka 1957 katika 12 Angry Men ya Sidney Lumet, iliyoandikwa na Reginald Rose, ambaye mwenyewe aliwahi kuketi katika juri. Wanaume 12 wamefungiwa chumbani siku ya joto kali. Kijana wa miaka 18 ashtakiwa kumwua baba yake. Wakisema ana hatia, atauawa. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1.

Lumet alieleza baadaye jinsi alivyokifinya chumba pasipo kusogeza ukuta. Theluthi ya kwanza ya filamu ilipigwa kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, ya pili katika usawa wa macho, ya tatu chini yake, hata dari ikaanza kuonekana. Papo hapo alitumia lenzi ndefu zaidi na zaidi, hivyo kuta zikaonekana kuwasogelea watu. Lakini kadiri nafasi inavyopungua, ndivyo hoja zinavyoongezeka. Wale 12 wa Christie walijifanya juri ili waue. Hawa 12 ni juri halali, na taharuki yao ni kujizuia wasiue upesi. Hata hivyo swali la Steinbeck halijafutika: wote ni wanaume, wote ni Wazungu, na mshtakiwa wa mtaa wa maskini hayumo chumbani.

5. Hitimisho

Mwaka 2010 Mhispania Rodrigo Cortés alitoa Buried: mtu mmoja amezikwa hai ndani ya sanduku nchini Iraki, ana kiberiti cha gesi na simu ya mkononi. Mahali hapawezi kuwa finyu zaidi ya hapo. Na hukumu imehama: wanaoamua hatima yake wako nje, ni sauti tu, na mwajiri wake amwachisha kazi kwa simu hiyohiyo.

Kiswahili kina neno baraza, ambalo Mashariki ya Kongo hutamkwa pia barza. Hutaja mahali pa wazi mbele ya nyumba na mkutano unaofanyika hapo: apitaye husikia, mwenye neno husimama akalisema. Hadithi za mahali finyu ni kinyume cha baraza. Humwondoa mpita njia na kufunga mlango. Aliyebaki kama shahidi ni mtazamaji peke yake, naye amenyimwa sauti. Pengine hiyo ndiyo taharuki iliyo nzito kuliko zote: kuona hukumu ikitolewa, kujua lililofichwa, na kutoweza kusema.