Nani Aliyechagua Rangi ya Ushanga

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Zanzibar akifunga mizigo ya kwenda kumtafuta Livingstone, na shanga zilimsumbua kichwa. Aliambiwa Unyamwezi wanapokea nyekundu, samisami, na nyinginezo wanazikataa. Nyeusi, bubu, zilikuwa fedha Ugogo, ukivuka hapo hazina thamani. Sungomaji zilitakiwa Ujiji. Nyeupe, merikani, zilipita Ufipa na sehemu za Ugogo. Akikosea hesabu, msafara utalala njaa. Mwisho akanunua magunia 22 ya aina 11.

Tumezoea kusimuliwa kwamba Mzungu alikuja na vipande vya kioo, akaondoka na pembe za ndovu, na mababu wakabaki wanachekelea rangi. Pembe ziliondoka kweli, na watu pia. Ila kwenye rangi, mwenye kauli alikuwa mnunuzi.

Na mnunuzi huyo hakuanza kuujua ushanga kwa mgeni. Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, zimefukuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka kama 40,000. Kazi yake ilitaka subira: ganda linavunjwa vipande, kila kipande kinakekewa tundu, kisha vyote vinatungwa pamoja na kusuguliwa kwa mkupuo juu ya jiwe lenye mfereji mpaka kingo ziwe duara. Maelfu ya miaka baadaye, katika mji wa Shanga kisiwani Pate, mafundi walisaga magamba ya baharini kwa njia hiyohiyo, isipokuwa pahali pa jiwe waliweka kigae cha chungu. Vigae vyenye mifereji vimeokotwa Kilwa pia.

Kioo kilikuja na kaskazi, kutoka India na Sri Lanka: punje ndogo nyekundu, manjano na samawati. Hata hizo hazikupokelewa zilivyo. Pale K2, jirani na Mapungubwe katika Afrika Kusini ya leo, mafundi wa karne ya 11 na 12 waliziyeyusha katika kalibu za udongo wakatoa shanga kubwa na nene, kwa kipimo walichokitaka wao. Wareno nao, walipojenga ngome Sofala, katika Msumbiji ya leo, mwaka 1505, waligundua kuwa bidhaa zao za Ulaya haziuziki. Ikawabidi watafute nguo na shanga za Cambay, India, zilezile zilizozoeleka.

Venice nayo ilijifunza kumfuata mnunuzi. Huko fundi alishika donge la kioo cha moto lenye tundu, mwenzake akashika upande wa pili, wakaachana mbio mpaka donge likawa mrija mrefu mwembamba wa kukatwa punje. Wanawake waliketi vichochoroni na sindano ndefu nyingi mkononi, zimetandazwa kama upepeo wa ukuti, wakizichovya kwenye sinia la shanga. Malipo yao yalikuwa duni. Zikifika bara, Afrika Mashariki, kete 10, yaani nyuzi 10 za shanga, zilifanya fundo 1, na msafiri Mwingereza Richard Burton alitaja aina zipatazo 400 katika biashara hiyo.

Kwa Wamasai kioo kilishika nafasi mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake pambo kubwa lilikuwa waya wa chuma na shaba. Ufundi wa waya haukutupwa. Utazame ule mkufu mpana wa shingoni: shanga zimepangwa kwenye mizunguko ya waya, na kila baada ya hatua kuna kipande chembamba chenye matundu kinachoibana mizunguko isipandane. Zamani kilikuwa ngozi ya ng'ombe. Siku hizi hukatwa kwenye dumu la plastiki, nami naona ni uamuzi mzuri, maana plastiki nyeupe inajificha kati ya shanga nyeupe.

Shanga bora za kazi hiyo bado hutoka Jablonec, Ucheki. Kinachotoka Umasaini ni mpangilio: wapi samawati iikate nyekundu, wapi rangi ya chungwa ikae na kijani. Na mpangilio haudumu, kwani rika jipya la morani linapoingia, wasichana na wanawake hubuni mtindo mwingine ili rika hilo lijulikane. Mkufu wa rika moja, kwa jicho la mjuzi, una tarehe yake. Ndiyo maana inakera kuona mikufu kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya imebandikwa neno moja tu, "Wamasai", bila mwaka wala jina la mama aliyeitunga.